Moyo unaopiga mara 600 kwa dakika: jinsi umeme wa moyo wa kipanya unavyopimwa

Moyo wa kipanya wa maabara aliye macho hupiga kati ya mara 500 na 700 kwa dakika. Wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100. Tofauti hiyo inagusa karibu kila kanuni ya kipimo cha umeme wa moyo (ECG) tuliyoizoea hospitalini: kasi ya mashine, namna ya kuweka elektrodi, usomaji wa mawimbi, hata hesabu ya kusahihisha majibu. Na bado sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu hitilafu za mapigo ya moyo imepitia kwa mnyama huyu mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30. Ndiyo maana inafaa tukifuate kipimo chenyewe hatua kwa hatua. Hoja yangu ni moja: kwa kipanya, mazingira ya kupimia ni sehemu ya kipimo, na hesabu iliyoazimwa kutoka kwa binadamu inaweza kuonyesha badiliko lisilokuwepo au kuficha lililopo.

Kwanza, kwa nini kipanya? Jibu liko kwenye jeni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wanaweza kuzima jeni moja mahususi katika kipanya na kuangalia kinachotokea. Kazi hiyo iliwapatia Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies Tuzo ya Nobel ya mwaka 2007. Kwa moyo, maana yake ilikuwa kubwa: mtafiti angeweza kuondoa jeni inayotengeneza mlango mmoja wa ioni kwenye seli za moyo, kisha kuuliza kama mapigo yamevurugika. Lakini swali hilo halijibiki bila kipimo cha umeme kinachoaminika.

Kuinasa ishara

Msingi ni uleule aliouweka Willem Einthoven wa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20, akapewa Nobel mwaka 1924. Kila pigo la moyo huanza na umeme mdogo unaosambaa kwenye misuli, na elektrodi zilizo mwilini huusoma kwa mbali. Wimbi P ni umeme ukipita vyumba vya juu vya moyo. QRS ni umeme ukipita vyumba vya chini. T ni misuli ya vyumba vya chini ikijirudishia chaji ili kungoja pigo lijalo. Kwa kipanya hutumika pembetatu ileile ya Einthoven: elektrodi moja karibu na bega la kulia na nyingine upande wa kushoto chini hutoa mtazamo unaoitwa II, ambao ndio unaotumika zaidi.

Tofauti inaanzia kwenye muda. QRS ya binadamu huchukua takriban milisekunde 80 hadi 100. Ya kipanya huchukua takriban milisekunde 10. Mashine inayochukua sampuli 500 kwa sekunde itapata nukta 45 ndani ya QRS ya binadamu yenye milisekunde 90, lakini ndani ya QRS ya kipanya itapata nukta 5 tu. Nukta tano hazichori kilele, hukisia. Jeni iliyozimwa ikichelewesha usafiri wa umeme kwa milisekunde 2, mashine hiyo itaona tofauti ya nukta moja, na nukta moja haitofautiani na kelele. Ndiyo sababu maabara makini huchukua sampuli 2,000 kwa sekunde au zaidi.

Vichujio navyo vina mtego wake. Mashine za hospitali mara nyingi hukata masafa yote yaliyo juu ya hezi 150, na kwa binadamu hilo halina madhara makubwa. QRS ya kipanya, kwa kuwa ni ya haraka mno, ina sehemu muhimu ya ishara yake juu ya kiwango hicho. Ukiikata, kilele kinapungua kimo na kupanuka, na mtafiti anaweza kuandika kuwa umeme unasafiri polepole wakati kilichouchelewesha ni kichujio. Mvumo wa hezi 50 unaotoka kwenye nyaya za jengo unazuiwa vizuri zaidi kwa kumweka mnyama ndani ya kizimba cha chuma kilichounganishwa na ardhi kuliko kwa kuichuja ishara baadaye.

Usingizi na joto

Njia rahisi ya kupima ni kumlaza kipanya kwa dawa ya usingizi na kuingiza sindano nyembamba za elektrodi chini ya ngozi ya miguu. Inachukua dakika chache na mawimbi hutoka safi. Tatizo ni kwamba moyo unaopimwa si ule wa mnyama aliye macho. Mchanganyiko wa ketamini na zailazini huteremsha mapigo hadi takriban 300 kwa dakika, wakati mwingine chini ya hapo, kwa sababu zailazini hupunguza msukumo wa neva zinazouharakisha moyo. Gesi ya isoflureni kwa kipimo kidogo huyaacha mapigo karibu zaidi na hali ya kawaida, na kina cha usingizi hurekebishika haraka. Makundi mawili ya vipanya yaliyolazwa kwa dawa tofauti hayalinganishiki, hata kama jeni zao ni zilezile.

Joto ni adui mwingine. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo kipanya aliyelala kwa dawa hupoteza joto ndani ya dakika chache. Mwili ukipoa, mapigo hupungua na kila muda kwenye ECG hurefuka. Bila kitanda chenye joto na kipimajoto cha kudumu, mtafiti anaweza kudhani amegundua athari ya dawa kumbe amepima ubaridi wa meza.

Njia iliyo bora zaidi ni kupandikiza kisambaza mawimbi kidogo chini ya ngozi ya mgongo au ndani ya tumbo, nyaya zikipitishwa chini ya ngozi hadi kifuani. Baada ya upasuaji mnyama huachwa apone, kwa kawaida wiki moja au zaidi, kisha ishara husafiri kwa redio hadi kipokezi kilicho chini ya kizimba chake. Hapo kipanya anakula, analala na kutembea huku moyo wake ukirekodiwa usiku na mchana. Ipo pia njia isiyohitaji kisu: jukwaa dogo lenye elektrodi linalousoma umeme kupitia nyayo za mnyama anaposimama, ingawa hutoa vipande vifupi tu vya rekodi.

Hata rekodi ya mnyama aliye macho inadai uangalifu. Vipanya huchangamka usiku, kwa hiyo mapigo ya usiku huwa juu kuliko ya mchana. Vyumba vya maabara huwekwa karibu nyuzi 22, joto linalotufaa sisi, ilhali kipanya hutulia karibu na nyuzi 30. Kwenye nyuzi 22 mwili wake hufanya kazi ya ziada kujipasha joto na moyo wake huendeshwa kwa kasi muda wote. Mapigo tunayoyaita ya kawaida ni, kwa sehemu, mapigo ya mnyama anayehisi baridi.

Wimbi T linaishia wapi?

Kwa binadamu, baada ya QRS panakuwa na mstari ulionyooka, kisha wimbi T la wazi. Mstari huo upo kwa sababu seli za moyo wetu hubaki na chaji kwa takriban milisekunde 300, kalisi ikiingia huku potasiamu ikitoka taratibu. Katika seli ya kipanya potasiamu hutoka kwa kishindo mara tu pigo linapoanza, hivyo kipindi hicho cha kusubiri karibu hakipo. Matokeo yake, wimbi la haraka huungana na mwisho wa QRS, kisha hufuata mkia mpole, mara nyingi ulio chini ya mstari wa sifuri.

QT ni muda kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa wimbi T. Baadhi ya watafiti huuhesabu hadi mwisho wa wimbi la haraka, wengine hadi mwisho wa mkia. Kutoka kwa mnyama yuleyule na rekodi ileile, jibu la mmoja linaweza kuwa nusu ya jibu la mwingine. Programu za kompyuta hazitatui mgogoro huu. Huweka alama pale zilipoambiwa ziweke. Ripoti isiyoonyesha picha ya wimbi na mahali alama ilipowekwa inamnyima msomaji kitu cha lazima.

Hesabu iliyoazimwa

Kwa binadamu, QT hufupika moyo unapoharakisha, na tangu mwaka 1920 madaktari huisahihisha kwa kanuni ya Bazett: gawa QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya mapigo, kwa sekunde. Kwa kipanya mwenye QT ya milisekunde 50 na milisekunde 100 kati ya mapigo, kanuni hiyo hutoa 158, namba isiyowakilisha chochote katika mwili wake. Mwaka 1998 Mitchell, Jeron na Koren, waliowapima vipanya walio macho kwa redio, walirekebisha kanuni hiyo ili muda kati ya mapigo ulinganishwe na milisekunde 100. Ilikuwa hatua ya busara, na kanuni yao ikaenea kote.

Lakini ilibeba dhana kwamba QT ya kipanya hufuata kasi ya moyo kama yetu. Kazi zilizochapishwa na Speerschneider na Thomsen mwaka 2013, kisha Roussel na wenzake mwaka 2016, zilionyesha kuwa uhusiano huo ni dhaifu sana au haupo kabisa. Tazama linalofuata. Kipanya aliye macho ana QT ya 50 na milisekunde 100 kati ya mapigo. QT yake iliyosahihishwa inabaki 50. Mpe dawa inayopunguza mapigo hadi 300, na QT isibadilike hata kidogo. Sasa hesabu inatoa 35. Kwenye jedwali inasomeka kuwa QT imefupika kwa asilimia 30, na ndani ya moyo hakuna kilichofupika.

Hili si jambo la wataalamu peke yao. Terfenadine, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani katika miaka ya 1990 kwa sababu ilirefusha QT na kuhatarisha maisha. Huziba mlango wa potasiamu ambao katika moyo wa kipanya aliyekomaa mchango wake ni mdogo sana. Mwongozo wa kimataifa wa ICH S7B wa mwaka 2005 unasema wazi kuwa tishu za panya na vipanya hazifai kwa kupima kama dawa inarefusha QT. Simbilisi, ambaye naye ni mgugunaji, anafaa zaidi kwa kuwa milango yake ya potasiamu inakaribia yetu.

Kipanya anafaa kwa kutafuta kazi ya jeni na kwa kupima jinsi umeme unavyosafiri moyoni. Hafai kutoa hukumu ya mwisho kuhusu usalama wa dawa inayogusa QT. Kwa hiyo, ewe mwanafunzi au mhariri unayepokea jedwali la QT za vipanya, dai vitu vitano kabla ya kuliamini: dawa ya usingizi iliyotumika, joto la mwili, idadi ya sampuli kwa sekunde, picha ya wimbi yenye alama zake, na QT kabla ya kusahihishwa ikiwa kando ya kasi ya mapigo. Kimoja kikikosekana, rudisha kazi hiyo kwa mwandishi wake. Mnyama aliyetolewa maisha yake kwa ajili ya namba anastahili namba hiyo iwe ya kweli, na mgonjwa atakayeimeza dawa anastahili zaidi.