Fadhila za Nyumba za Wageni za Utende

Msafiri aendaye Mafia kwa ajili ya kuzamia, hususan katika Ghuba ya Chole iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, aghalabu husifu matumbawe, chewa na kasa, akaisahau ile nyumba ya wageni ya bei rahisi pale Utende ambayo, kwa chumba chake chenye kitanda, chandarua na feni, na ndoo ya maji ya kuoga, ndiyo iliyomwezesha kubakiza fedha za kulipia mashua na mitungi ya hewa. Mimi naipongeza kwa dhati. Mwenye nyumba wa namna hiyo hupanga staftahi kwa kufuata maji kujaa na kupwa, si kwa saa ya ukutani. Huridhia vazi la mpira, likishasuuzwa kwa maji baridi ambayo kisiwani si kitu cha kumwagwa ovyo, lianikwe kambani baina ya kanga zake. Na mgeni aliyezamia mara kadhaa, naye hana budi kungoja muda usiopungua saa 18 kabla ya kupanda ndege, humwekea samaki wa nazi pasina kumuuliza ataondoka lini. Hoteli kubwa zina bwawa la kuogelea, jambo ambalo, kandokando ya bahari ile, sijapata kuifahamu hekima yake.