The Woman King: nguvu ya mwanamke ni ya nani?



Filme The Woman King ilitoka mwaka 2022, na mpaka leo inazunguka kwenye simu zetu. Tarehe 8 Machi ikikaribia tu, vipande vyake vinarudi: Viola Davis na upanga wake, mabinti wanaruka, wanaume wanaanguka. Chini yake watu wanaandika: "Wanawake, mujifunze kujilinda!" Mimi naipenda hii filme. Lakini naona tunaisifu kwa ule upanga, na upanga ndio kitu chake kidogo.

Tuanze na Nawi. Baba yake anamletea mchumba mzee mwenye mali. Mzee anampiga palepale, na Nawi anamsukuma mpaka chini. Baba anakasirika, anamupeleka kwenye jumba la mfalme Ghezo wa Dahomey (leo ni Benin) na kumuacha kule. Munaona? Mkono wa kwanza unaomupiga Nawi hautoki kwa adui wa porini. Unatoka nyumbani kwao, kwa mgeni aliyekaribishwa na kupewa kiti.

Sehemu ya mazoezi iko nzuri sana. Mabinti wanakimbia, wanapigana mieleka, wanapita katikati ya miiba. Ile miiba si uongo wa sinema: wageni wa Ulaya waliofika Dahomey karne ya 19 waliandika kwamba waliona Agojie, wale wanawake askari, wakipanda kizuizi cha miiba kwa miguu mitupu. Na hakuna anayejifunza peke yake. Izogie anamukaripia Nawi, anamucheka, lakini hamuachi.

Halafu kuna Nanisca, jemadari mwenyewe. Mchana hakuna mwanaume wa kumusimamia mbele. Usiku analala na kuota yale aliyotendewa akiwa kijana, aliposhikwa mateka na kubakwa. Miaka yote ya mazoezi haikuziondoa zile ndoto. Zinaanza kulegea pale anapofungua kinywa: kwanza mbele ya Amenza, rafiki yake, kisha mbele ya Nawi. Kwangu mimi, hapo njo moyo wa filme.

Shida ni kwamba filme yenyewe haikuamini moyo wake. Inamuletea Nanisca yule yule aliyembaka, wanapigana, anamuua, muziki unapanda, tunapiga makofi. Ni mwanamke gani tunayemjua aliyepewa nafasi kama ile? Na nani alisema kidonda cha namna ile kinafungwa kwa pigo moja?

Kuna kitu kingine kinachonisumbua. Filme inaonyesha Agojie wa mwaka 1823 wakimusukuma mfalme aache biashara ya watumwa, auze mafuta ya mawese. Historia iko nzito kuliko hapo. Dahomey iliuza mateka kwa wingi sana, Ghezo aliendelea na biashara ile miaka mingi, na Agojie walipigana katika vita vilivyoleta wale mateka. Wenyewe walihesabiwa kuwa wake za mfalme, na hawakuruhusiwa kuolewa na mtu mwingine wala kuzaa. Mwili ulikuwa na nguvu za ajabu, lakini mwenye mwili alikuwa mfalme. Kwa hiyo swali si kama mwanamke anaweza kupigana. Lile lilijibiwa zamani. Swali ni: nguvu zake ni za nani?

Sasa tuangalie kwetu. Maonyesho ya kujilinda tunayoyajua yanafanana: mwanaume asiyejulikana anakuja nyuma, anakamata shingo, binti anamuangusha, watu wanashangilia. Sawa. Lakini nani kwenye unif hajasikia habari ya "points sexuellement transmissibles"? Yule prof hakamati shingo. Anatuma message: "Pita bureau saa kumi na moja, tuangalie copie yako." Kwa huyo, utatumia mtupo gani wa judo?

Jibu moja lilipimwa Canada. Mwaka 2015 Charlene Senn na wenzake walichapisha utafiti juu ya wasichana karibu 900 wa mwaka wa kwanza, kwenye vyuo vikuu vitatu. Wamoja walipewa makaratasi ya kusoma tu. Wengine walipata mafunzo ya saa 12: kutambua alama za hatari kwa mtu unayemjua, kushinda ile haya ya kumkatalia mtu unayemheshimu, na pia kupiga. Kisha mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la makaratasi walikuwa 9,8 %. Katika kundi la mafunzo, 5,2 %. Karibu nusu! Pigo lilikuwemo, ndiyo, lakini lilitembea pamoja na macho na sauti.

Sisi wa mashariki tunajua pia mpaka wa mambo haya. Mbele ya bunduki, teke halina jibu. Basi mtu asithubutu kumuambia mwanamke aliyetendewa ubaya: "Ungejifunza karate." Kosa ni la aliyetenda, mwanzo mpaka mwisho. Mazoezi ni haki ya binti, yasigeuke kuwa deni analodaiwa.

Kwa hiyo muangalie tena The Woman King, lakini safari hii mumuangalie Amenza, yule anayesikiliza bila kuhukumu. Na kama kwenye unif yenu wanafungua klabu ya kujilinda, muulize mapema: baada ya kumufundisha binti kusema hapana, nani atamusindikiza kwa doyen siku prof atakapomuandikia sifuri? Kama hakuna jibu, tumemupa upanga wa sinema.