Vidole Vitano, Sauti za Mikono Miwili: Ufundi wa Paul Wittgenstein

Tarehe 5 Januari 1932, mjini Vienna, Paul Wittgenstein alipiga kwa mara ya kwanza konserto ya piano na okestra aliyotungiwa na Mfaransa Maurice Ravel. Aliipiga kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia aliupoteza mwaka 1914, akiwa askari wa Austria: risasi ilimpata kwenye kiwiko, akatekwa na Warusi, na mkono ukakatwa. Wengi wanaosimulia habari zake huishia kwenye ushujaa. Naona wanampunja. Wittgenstein alikuwa fundi, na ufundi wake una hatua ambazo mtu anaweza kuzieleza moja baada ya nyingine.

Alizaliwa mwaka 1887, akafundishwa na Theodor Leschetizky, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima, na akapanda jukwaani rasmi mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla ya vita. Akiwa mateka Omsk, Siberia, alichora vibonyezo vya piano kwa mkaa juu ya sanduku la mbao, akawa anafanya mazoezi pale bila kusikia noti hata moja. Swali lililomkabili lilikuwa gumu. Aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba sauti ya kwanza hubeba melodi, besi hushika msingi, na sauti nyingine hujaza katikati. Piano ina vibonyezo 88, na mara nyingi melodi na besi hukaa mbali mno kwa mkono mmoja kuzifikia kwa pamoja. Zitasikikaje zote?

Jibu la kwanza liko kwenye kidole gumba. Weka mikono yote miwili juu ya piano uitazame. Kwenye mkono wa kulia, upande wa noti za juu unaangukia kidole cha mwisho, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Kwenye mkono wa kushoto, upande huohuo unaangukia gumba, chenye nguvu na chepesi kusogea kushoto na kulia. Kwa hiyo mkono wa kushoto ukiwa peke yake, gumba huimba melodi na vidole vinne vilivyobaki hushughulikia besi na sauti za kati. Ndiyo maana karibu muziki wote wa mkono mmoja umetungwa kwa mkono wa kushoto.

Jibu la pili liko mguuni. Pedali ya kulia ikikanyagwa, vizuizi vinavyonyamazisha nyuzi huinuka, na noti iliyopigwa huendelea kulia hata kidole kikishaondoka. Mpigaji hugonga besi, hukanyaga pedali mara tu baada ya kugonga, kisha hurusha mkono hadi katikati ya piano kabla besi haijafifia. Mguu ukiachia mapema, besi inapotea. Ukichelewa, besi ya zamani inagongana na mpya na kila kitu kinavurugika. Upo pia ujanja wa kuinua pedali nusu tu: vizuizi hugusa nyuzi kidogo, noti za juu zinasafika, lakini nyuzi nene za besi zinaendelea kuvuma. Hapo ndipo msikilizaji aliyefumba macho huapa kwamba anasikia mikono miwili.

Jibu la tatu ni la mtunzi. Ravel alizichunguza kwanza kazi za mkono wa kushoto za Camille Saint-Saëns, kisha akaipanga okestra kwa hesabu. Okestra huanza chini kabisa, kwa besi zinazonguruma, ikapanda hadi kilele. Piano inapoingia huachiwa uwanja peke yake: huanzia noti nzito za chini, mkono ukapanda kwa kishindo hadi juu. Sikio linapata upana wote wa piano kabla halijaanza kuhesabu vidole.

Hata hivyo, mkono mmoja haulei mwana. Nyuma ya Wittgenstein kulikuwa na utajiri wa baba yake, Karl, tajiri wa chuma cha pua. Wa kwanza kumtungia alikuwa mwalimu wake mwingine, Josef Labor, aliyekuwa kipofu. Baadaye fedha za urithi zilimwezesha kuwaagiza watunzi Korngold, Hindemith, Richard Strauss, Prokofiev na Britten. Tusifiche kwamba mfukoni kulikuwa na nguvu ambayo mpiga piano maskini hakuwa nayo.

Na alikosea. Konserto ya Hindemith ya mwaka 1923 hakuipenda, akaifungia, hata ikaja kupigwa mara ya kwanza mwaka 2004. Ya Prokofiev hakuipiga kamwe. Ya Ravel aliibadilisha mahali kadhaa, na mtunzi akakasirika, kwa haki kabisa. Ladha yake ilikuwa finyu kuliko ufundi wake.

Ila ufundi huo hakuuzika. Mwaka 1957, miaka minne kabla ya kufariki nchini Marekani, alichapisha vitabu vitatu vya mafunzo ya mkono wa kushoto: mazoezi, vipande vya kujifunzia, na kazi za watunzi wengine alizozigeuza. Leon Fleisher, Mmarekani ambaye mkono wake wa kulia uligoma katika miaka ya 1960, aliendelea kupanda jukwaani kwa muziki uleule ulioagizwa na Wittgenstein. Ni yeye pia aliyeifungua konserto ya Hindemith mwaka ule wa 2004.

Kwa anayefundisha piano, hapa kuna somo la wiki hii. Wanafunzi wengi huuchukulia mkono wa kushoto kama mtumishi wa kusindikiza, na pedali kama pambo la mwisho. Mpe mwanafunzi wimbo anaoujua, mwambie auimbe kwa gumba la kushoto huku vidole vingine vikishika besi, na mguu uunganishe. Atakosea sana mwanzoni. Akishaupata, mikono yake yote miwili itapiga vizuri zaidi, kwa sababu atakuwa amejifunza kusikiliza kila sauti peke yake.