Waridi Hupimwa Shingoni

Tangu Pasaka, picha za tao moja la maua lililosimamishwa kwenye harusi hapa Nakuru zinazunguka kwenye simu za watu, na kila anayezituma anaongeza sifa zake. Nimezikuza picha hizo nikaziangalia vizuri. Mawaridi ya upande wa kushoto yameinamisha vichwa kama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Jipsi, vile viua vidogo vyeupe vya kujazia, imegeuka rangi ya chai. Yale ya samawati yaliyowatoa watu machozi ni krisanthemamu nyeupe zilizopuliziwa rangi ya kopo, tena hadi kwenye majani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sawa, lakini huyu mpambaji wetu tembo lake lilikuwa maji kabla hata hajasifiwa.

Na hii ni Nakuru! Grinihausi za Naivasha ziko mwendo wa saa moja na kitu, za Subukia karibu zaidi. Mholanzi hununua waridi letu kwenye mnada wa Aalsmeer likiwa limeshapita chumba cha baridi, lori na ndege, na bado husimama wima mezani kwake wiki nzima. Sisi tunaolipata kesho yake ndio tunaolizika.

Hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Tuna Aprili. Kwaresima imekwisha, makanisa yaliyokuwa yamesimamisha harusi yamefungua tena, na masika nayo yameingia. Mashamba yametoka kuhangaikia Siku ya Mama ya Waingereza, ambayo mara nyingi huangukia Machi, na yanajipanga kwa ile ya Mei ya nchi nyingine. Kinachoshuka mjini kwetu aghalabu ni rijekti. Rijekti si tusi. Shina lililopinda halifai sanduku la kwenda Uholanzi, lakini kwenye shada la mkononi linapendeza kuliko lililonyooka. Rijekti ya shina nipe mimi. Rijekti ya kuvu mwachie mwenyewe, maana vidoa vidogo vya kijivu unavyoviona Ijumaa jioni vitakuwa vimekula petali nzima Jumamosi asubuhi, hasa mvua ikinyesha usiku.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ndoo ya maua ikiletwa, shangazi hutazama rangi, bibi harusi hutazama ukubwa, na yule anayejiona mjuzi huinama kunusa. Waridi la mauzo ya nje kwa kawaida halinuki sana, kwa hiyo ajinyooshe tu. Hakuna anayeshika shingo, ile sehemu fupi chini tu ya kichwa. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada, uisukume kando polepole. Ikirudi mahali pake, endelea na ununuzi. Ikibaki ulikoisukuma, rudisha ndoo, hata kama ni Athena nyeupe ambayo bibi harusi ameiota tangu Januari. Waridi lililokatwa likiwa changa mno shingo yake haijakomaa. Likikosa maji kidogo tu linainama, na likishanyauka katika hali hiyo ni nadra kufunguka, hata ulipe sukari, aspirini na maombi.

Shingo isipokueleza yote, geuza tumba utazame vijani vitano vinavyolishika kwa chini. Vikiwa bado vimelikumbatia, limekatwa mapema. Vikiwa vimeanza kujikunja kurudi nyuma, na petali moja au mbili za nje zimeachia, hilo ndilo la harusi. Shamba hukata tumba lililofumba kwa sababu lina safari ndefu mbele yake. Sisi tunalichukua lilelile la safari Ijumaa, tunalichomeka Jumamosi saa mbili asubuhi, na tunatarajia liwe limechanua saa nne. Mpambaji anayejua kazi humwambia msimamizi wa shamba siku na saa ya picha, si siku ya harusi tu, ili akatiwe kulingana na hiyo.

Kuna mama mmoja wa mtaa wa Section 58 aliyekuwa akipamba harusi kabla ya neno dekoreta kuingia mjini. Alikuwa akinunua maua huku akiongea na mtu mwingine. Kidole kilipita chini ya vichwa vya fungu zima, kikatoa mashina mawili matatu, naye hajayatazama. Siku moja muuzaji akabisha. Mama hakujibu. Aliyalaza yale mashina juu ya meza ya muuzaji bila maji, akaenda sokoni kununua viazi. Aliporudi jioni yote matatu yalikuwa yameinama, na yale yaliyokuwa yamelazwa kando yake, ambayo kidole kiliyapitisha, yalikuwa bado yanamtazama muuzaji usoni.

Walaghai nao wanaijua shingo. Huchomeka waya mwembamba chini ya tumba, wakaushusha shinani na kuuzungushia tepu ya kijani. Waya kwenye ua la kifuani la bwana harusi ni halali, kwani ua hilo halina maji. Ukiukuta kwenye waridi lililo ndani ya ndoo, kuna jambo unafichwa. Wengine humenya. Petali mbili tatu za nje zenye michirizi ya kijani kila fundi huzitoa, hilo halina neno. Lakini yuko anayeendelea kumenya mpaka waridi la wiki iliyopita linakuwa la jana. Bonyeza tumba katikati: lililo hai ni gumu, lililomenywa hubonyea.

Mengine ni mafupi. Oasis, ile sponji ya kuchomekea maua, iachwe izame yenyewe kwenye maji. Anayeisukuma kwa mkono anaacha hewa katikati, na maua yake yatakufa kwa kiu yakiwa juu ya maji. Jani lisiguse maji ya chombo. Aina tatu za maua zinatosha, ya nne hugeuza meza kuwa soko. Jipsi haiwekwi na waridi jekundu, na sina haja ya kueleza kwa nini. Ua la meza kuu lisizibe uso wa mama mkwe. Kichwa kidogo kisikusumbue: waridi la Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, haliwezi kushindana kwa ukubwa na lililokulia kwenye baridi ya mashamba ya juu zaidi, linalojivuta polepole. Ukipamba uwanja ulio wazi, mathalani kwenye kasri la Lord Egerton kule Njoro (watu wanafungia ndoa nyumbani kwa mtu ambaye, kwa simulizi za wenyeji, alilijengea kasri penzi lililomkataa!), panga maua mafupi yaliyobanana. Upepo wa alasiri hauna adabu kwa vase ndefu.

Zamani za karnesheni za shamba la Sulmac, harusi ya Nakuru ilikuwa na ua moja kifuani, kijani kidogo cha feni, na kwisha. Ua lile lilipita ibada, hotuba za wazee wote, wali na nyama, likafika usiku likiwa na heshima zake. Siku hizi tunajaza ukuta mzima, halafu saa tisa tunawaomba wapiga picha wasisogee karibu.

Kabla ya kulipa amana, mwombe mpambaji akuachie mashina mawili ya aina atakayotumia, uyalaze mezani bila maji kuanzia asubuhi. Akikataa, tafuta mwingine. Akikubali lakini akachagua mwenyewe yapi akuachie, mwambie asante, kisha chukua mengine kutoka chini ya ndoo.