Kamba ya ufuoni, na sisi tusio na bahari

Juma lililopita tulikuwa watu saba mbele ya kompyuta moja, ku chumba cha rafiki hapa Kisangani, betri ya sola inatusaidia. Tuliangalia filme ya Ulrich Seidl, mtu wa Austria. Jina lake ni Paradies: Liebe, ni kusema Paradiso: Upendo. Ilitoka mwaka 2012, ikaingia katika mashindano ya Cannes. Si filme ya kuangalia na watoto, wala na baba mkwe. Ilipoisha, mwenzetu mmoja akacheka, akasema: "Hayo ni mambo ya Mombasa. Sisi hatuna bahari." Wengi wakakubali. Mimi nikanyamaza, sababu sikuwa na jibu. Leo niko nalo, njo maana ninaandika.

Mbele ya yote, filme inasimulia nini? Teresa ni mama wa miaka 50 wa Austria. Kazi yake ni kuchunga watu wenye ulemavu wa akili. Hana mume, binti yake hamjali. Anamwacha kwa dada yake, anapanda ndege, anashuka ku pwani ya Kenya. Huko anakuta wamama wengine wa kwao, na mmoja anamweleza utamu wa vijana weusi. Pwani wanawaita wamama hao mashuga mami, na vijana wanaowangojea mabichi boi. Teresa hatafuti mwili tu. Anataka mtu amwangalie machoni. Anampata Munga, kijana mpole asiyemsumbua kama wengine. Alafu maombi yanaanza: mtoto wa dada anaumwa, shule haina feza, ndugu yuko hospitali. Teresa anatoa, anatoa tena. Siku moja anagundua kwamba yule "dada" ni bibi ya Munga. Anamfuata ku ufuo, anampiga mbele ya watu.

Nasema wazi kwamba ni filme nzuri. Seidl hahubiri. Kamera inasimama pale pale, inaangalia, na wewe unabaki na aibu yako. Vijana wa filme si wachezaji waliosomea kazi hiyo. Peter Kazungu, aliyecheza Munga, ni mtoto wa pwani ile ile. Tena Seidl amefanya jambo ambalo magazeti na polisi hawapendi kufanya: ameonyesha uso wa mnunuzi. Kila tunaposikia "biashara ya ngono", tunaona msichana mwenye sketi fupi. Hapa tunaona mama mwenye simu, anayelia usiku kwa sababu binti yake hakumpigia siku ya kuzaliwa. Mnunuzi ni mtu, na uovu wake haumfanyi awe na pembe.

Lakini kuna picha moja ambayo haikunitoka kichwani. Wazungu wamelala ku vitanda vya jua, mstari mrefu. Mbele yao kuna kamba imefungwa kutoka mti hadi mti. Mlinzi wa hoteli anatembea kando yake. Upande wa pili, vijana wamesimama kimya, wanangoja. Hakuna anayesema kitu. Mzungu akivuka ile kamba, wanamzunguka kama nzi: shanga, safari ya mtumbwi, mapenzi. Ona vizuri nani anaruhusiwa kuvuka. Teresa anavuka saa anayotaka. Munga akivuka bila kuitwa, anafukuzwa. Kamba haizuii biashara hata kidogo. Inapanga tu nani anatoka kwenda kununua, na nani anasimama ku jua akingoja kununuliwa.

Kwangu mimi, ile kamba njo sheria. Na hapo njo lawama yangu ya kwanza kwa Seidl inaanza: ameionyesha kamba, lakini hakuuliza nani aliifunga. Serikali karibu haimo. Kuna mlinzi wa hoteli, basi. Mtu anayetoka kuangalia hii filme anaweza kuamini kwamba ni habari ya mama mmoja mpweke na kijana mmoja mwongo. Sivyo ilivyo ku Mombasa, Diani, Mtwapa na Malindi. Kule serikali imo sana, ila inaingia kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 2006, UNICEF pamoja na serikali ya Kenya walitoa uchunguzi juu ya watoto na utalii wa ngono pwani. Walikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa wilaya ine za pwani walikuwa wanaingia katika biashara hiyo mara kwa mara. Tusichanganye mambo: Munga ni mtu mzima, hawa ni watoto, na mtoto hakubaliani na bei, anatendewa tu. Lakini hesabu ya wanunuzi njo ilinishangaza. Waitalia 18 kwa mia, Wajerumani 14, Waswisi 12. Na Wakenya wenyewe? 38 kwa mia. Kikundi kikubwa kuliko vyote. Kumbe hata bila ndege ya Ulaya, soko lilikuwa na wateja.

Mwaka ule ule Kenya ilipata Sheria ya Makosa ya Ngono, inayomwadhibu anayepanga au kusaidia utalii wa ngono na watoto. Ku karatasi, ni sheria ya kupigiwa makofi. Ku barabara kuna misako. Kati ya watu wazima, sheria ya jinai ya Kenya inamtafuta anayeishi kwa mapato ya umalaya, na miji iko na amri zake ndogo dhidi ya kuzurura. Sasa piga picha: polisi wanashuka usiku karibu na baa. Nani anaonekana anazurura? Mtalii? Yeye yuko likizo, kutembea njo kazi yake. Yule wa kwao, asiye na risiti ya hoteli, njo mzururaji. Anapanda gari la polisi, analala ndani, anatoa kitu kidogo au analipa faini. Kesho yake ana deni, na dawa ya deni anayoijua ni ile ile ya jana.

Wenzangu wa kilimo watanielewa haraka. Shamba likishikwa na Imperata, majani yale makali, mkulima mwenye haraka anachoma moto. Siku mbili shamba linapendeza, jeusi, safi, unaweza kumwita mkubwa aje kupiga picha. Lakini mashina yake yako chini ya udongo na moto hauyafikii. Mvua moja tu, yanarudi, tena yanakuta wapinzani wao wameungua. Msako ni moto wa namna hiyo.

Kuna watu wanasema: basi tuwafukuze watalii, tatizo litaisha. Historia imekwisha kujaribu. Mwezi wa tano 2014, kwa sababu ya mashambulizi, Uingereza iliwaonya raia wake juu ya Mombasa, na kampuni za safari zikawarudisha mamia kwao kwa ndege. Hoteli zilifunga milango, wapishi na wafua nguo wakapoteza kazi. Mnunuzi wa mbali alipungua bila msako hata mmoja. Lakini njaa haikupanda naye ndege, na yule mnunuzi wa 38 kwa mia alibaki nyumbani.

Kumfuata mnunuzi kunawezekana, tusidanganyane. Tangu 1993 Ujerumani inaweza kumshitaki kwao raia wake aliyedhulumu mtoto ku inchi nyingine. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham, Uingereza, ilimpa Mwingereza mmoja kifungo cha miaka zaidi ya 17, kwa kuwadhulumu watoto wa Gilgil, Kenya. Gilgil haina bahari. Watoto walisikilizwa, na mtu mzima akaingia gerezani. Kamba inaweza kufungwa upande wa pili, ila inaomba kazi: ushahidi, subira, mahakama. Msako unaomba gari moja na saa mbili za usiku.

Lawama yangu ya pili kwa Seidl ni hii. Tunajua kazi ya Teresa, nyumba yake, binti yake, dada yake, hata uchafu anaouogopa. Juu ya Munga tunajua uongo wake tu. Je, msimu watalii wasipokuja anakula nini? Yule bibi aliyekubali kuitwa dada mbele ya mzungu, aliongea nini na mume wake usiku ule? Kwangu mimi, filme kubwa iko pale, ku chumba kile, na kamera haikuingia. Seidl anamcheka Teresa, kweli, lakini anamcheka kama mtu anayemjua. Munga anabaki sawa vile wazungu wa vitanda vya jua wanavyomwona: mwili na maombi ya feza. Filme inayolaumu macho ya mtalii imeazima macho yale yale.

Sasa nirudi kwa mwenzetu wa "sisi hatuna bahari".

Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya Prince Zeid wa Jordan juu ya askari na watumishi wake, hasa wale wa MONUC hapa kwetu Congo. Ilisema ngono ilikuwa inabadilishwa na dola 1 mpaka 3, au chakula, au ahadi ya kazi. Dawa yao ya kwanza ilikuwa nini? Saa za kurudi kambini, na baa ambazo askari amekatazwa kuingia. Kamba tena! Na askari mwenye kosa alirudishwa kwao, sababu UN haina mahakama ya kumhukumu.

Alafu ikaja Ebola ya 2018 mpaka 2020, Nord-Kivu na Ituri. Tume huru ilitoa ripoti mwezi wa kenda 2021: watuhumiwa 83, kati yao 21 watumishi wa OMS. Wanawake walieleza kwamba waliombwa mwili ili wapate au wasipoteze kazi. Hapo hapakuwa na ufuo, wala shanga, wala mzungu wa likizo. Kulikuwa na jeep, badji, na mtu mwenye orodha ya majina. Na wengi wa watuhumiwa walikuwa Wacongo kama sisi.

Na ku masomo? Wote tunajua jina ambalo wanafunzi walitunga kwa pointi zinazopatikana kitandani. Tunalitaja tukicheka. Nilikuwa na rafiki wa promosheni, mwenye akili kunipita. Alirudia mwaka, na sisi wanaume tuliokaa nyuma tulisema: "Alikuwa anavaa vibaya." Hakuna aliyeuliza juu ya mwenye kalamu. Sikuuliza mimi pia. Yeye aliacha, alirudi kijijini. Nilipata lisansi yangu mwaka uliofuata, watu wakanimwagia poda kichwani, na sikumkumbuka siku ile. Nilimkumbuka juma lililopita, mbele ya ile kamba.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, ndugu yangu. Bahari si lazima. Inatosha mmoja awe na kitu ambacho mwingine hawezi kuishi bila yake: feza, kazi, pointi. Kila mara mkubwa akitangaza kwamba atasafisha mji, ku Mombasa ao hapa Kisangani, tumuulize mlinzi wake ataangalia upande gani wa kamba.

Filme muiangalie. Ina makosa, na inauma. Lakini msicheke haraka kama tulivyocheka.