Jina la Gari si Jina la Injini: Kasoro Katika Istilahi za Vipuri

Istilahi haiundwi kwa ajili ya kupamba kamusi. Huundwa ili mtu aliye mbali na kitu aweze kukitaja, na mwenziwe aliye karibu nacho akitambue pasipo kuuliza mara ya pili. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuyapima maneno yanayotumika katika kuagiza vipuri vya magari yaliyobadilishwa injini. Huenda msomaji akadhani kuwa hilo ni jambo la mafundi peke yao. La hasha. Hati za kuagizia huandikwa na watumishi wa serikali, vitabu vya maelekezo hutafsiriwa na wafasiri, na vijana wa ufundi hufundishwa na walimu.

Tuchukue mfano wa Kipili, bandari iliyoko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi. Tuseme mwananchi wa huko analo gari aina ya Land Rover, lile la zamani lililotoka kiwandani na injini ya petroli yenye ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo. Injini hiyo imekwisha kuchoka, na mahali pake pamewekwa injini ya dizeli ya Toyota iliyopigwa alama ya 3L. Siku moja gasketi ya hedi inaungua. Duka la vipuri liko Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Anayepanda kwenda huko hawezi kuuchukua mtambo mzima begani. Analolichukua ni neno. Neno likikosea, gari hubaki juu ya mawe, dagaa hawafiki sokoni, na mgonjwa hungoja gari jingine.

Hati nyingi za kuagizia huanza kwa kuuliza "aina ya gari" na "mwaka wa kutengenezwa". Mwananchi wetu akijibu kwa uaminifu kabisa, ataandika Land Rover, naye atapewa gasketi ya injini ambayo haimo tena katika gari lake. Hakusema uongo, wala mwuzaji hakumdanganya. Kosa ni la swali, kwa kuwa limechukua jina la mwili likalifanya kuwa jina la moyo.

Desturi hii ya kukiita chombo kwa umbo lake, hata baada ya mtambo wake kubadilika, ni ya kale katika lugha yetu. Kipili yenyewe inao ushahidi mkubwa kuliko gari lolote. Meli ya Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipita bandarini hapo, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na ikarejea majini kwa jina jipya mwaka 1927. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa ikawekwa injini za dizeli. Jina lilibadilika mtambo ukiwa ule ule. Kisha mtambo ukabadilika jina likiwa lile lile. Vivyo hivyo tunasema "gari la moshi" hata pale ambapo makaa hayachomwi tena, na tangu mwaka 2024 zimekuja treni za umeme baina ya Dar es Salaam na Dodoma. Nalo neno "stima", lililotokana na mvuke, huko Kenya limekuwa jina la umeme. Kwa abiria hakuna madhara yoyote katika hayo yote. Kwa mwagizaji wa vipuri madhara yapo, maana pistoni haifuati jina lililoandikwa ubavuni.

Kasoro ya pili imo katika neno "halisi". Wafasiri wengi hulitumia kwa kipuri kilichotengenezwa au kuidhinishwa na kiwanda kilichounda gari. Tafsiri hiyo si mbaya, ila huachwa bila mpaka. Mnunuzi asomapo "kipuri halisi cha Land Rover" hudhani ameambiwa kuwa ndicho kinachofaa. Kwa gari la Kipili, kipuri hicho ni halisi na wakati huo huo si sahihi. Uhalisi hueleza kitu kimetoka wapi. Usahihi hueleza kitu kinakwenda wapi. Mfasiri anayeyachanganya mawili hayo humpotezea msomaji fedha.

Hapa mafundi wametutangulia. Wao husema kwamba vipuri viwili "vinaingiliana" au "haviingiliani". Neno hilo ni la Kiswahili, linanyambulika vizuri, na halihitaji maelezo. Ofisini tumesikia "patanifu" likipendekezwa kwa dhana hiyo hiyo. Hatuna ugomvi nalo, lakini hatuoni sababu ya kuliacha neno lililo hai gereji kwa ajili ya lile linaloishi katika majalada tu.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi. Maneno "namba ya injini" hubebeshwa dhana tatu ambazo hazifanani. Ya kwanza ni alama ya injini, yaani herufi na tarakimu zinazotaja ukoo wake, kama 3L. Ya pili ni namba ya injini yenyewe, inayoitofautisha injini moja na nyingine zote za ukoo huo. Ya tatu ni ujazo wa injini. Tazama madhara ya kuzichanganya. Mwananchi wetu akisoma 3L kwenye bloku, na akidhani kuwa L ni kifupi cha lita, ataagiza vipuri vya "Toyota ya lita tatu". Lakini injini ya 3L ina sentimita 2,779 za ujazo; inayokaribia lita tatu ni ya 5L, yenye 2,986. Silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, na ile ya 5L milimita 99.5. Pistoni ya moja haiwezi kuingia katika nyingine. Tarakimu iliyo mbele ya L huonyesha nafasi ya injini katika ukoo wake, wala haipimi chochote. Hali kadhalika, injini za Land Rover zinazoitwa 200Tdi na 300Tdi zote mbili zina ujazo wa takriban lita 2.5, na vipuri vyake vingi haviingiliani. Kwa hiyo alama ya injini isitafsiriwe, isifupishwe, wala isitamkwe kama kipimo. Inakiliwe kama ilivyopigwa katika chuma.

Tunatoa rai kwamba vipuri vigawanywe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vipuri vya injini: pistoni, ringi, gasketi, nozeli na pampu ya maji. Hivi huagizwa kwa alama na namba ya injini. Fungu la pili ni vipuri vya gari: breki, springi na viungo vya usukani, ambavyo huagizwa kwa namba ya chesisi. Fungu la tatu, ambalo halina jina katika hati tulizozisoma, tunapendekeza liitwe vipuri vya maungano. Humo mnaingia klachi, rejeta, bomba la moshi na vishikizo vya injini. Klachi lazima ikubaliane na gurudumu la injini upande mmoja na shafti ya giaboksi upande wa pili. Rejeta lazima ienee katika nafasi iliyoachwa na gari, na papo hapo iweze kupoza joto la injini ngeni. Barabara ya kutoka ziwani, penye takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi Sumbawanga penye karibu mita 1,800, humfichua upesi aliyepima upande mmoja tu.

Wako watakaosema kwamba picha ya simu, au kipuri kibovu kilichofungwa katika gazeti, vyatosha. Vinasaidia sana, na hatumzuii mtu. Lakini picha haionyeshi tofauti ya milimita tatu na nusu, na kipuri kibovu chaweza kuwa chenyewe kiliwekwa kimakosa na fundi aliyetangulia.

Basi hati ya kuagizia iulize mambo manne: namba ya chesisi, alama ya injini, namba ya injini, na kama injini ni ya asili au imepandikizwa. Maneno yote hayo tunayo, wala hatuhitaji kukopa hata moja. Kilichopungua ni uangalifu wa kulipa kila neno kazi yake. Wasomaji wetu, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, tunawaomba watuletee maneno yanayotumika katika gereji za kwao, ili fungu hili la tatu lipate jina ambalo mafundi wenyewe watalikubali.