Umeme Unavyotoa Kutu Bila Kula Chuma

Jiliwa kuukuu la karakana, lile zito la chuma cha kusubu, mara nyingi huharibikia kwenye skrubu yake kuu. Kutu hujificha kati ya meno ya skrubu, mahali ambapo brashi ya waya haifiki. Grenda inafika, lakini inaondoka na kutu pamoja na chuma kizima, na meno yakishalika jiliwa halibani tena sawasawa. Asidi ya betri nayo haibagui: ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma. Kwa kifaa cha namna hii naitetea njia ya umeme, na sababu yangu ni moja: inashughulika na kutu peke yake.

Vinavyohitajika ni vichache. Ndoo ya plastiki yenye maji, magadi kiasi cha gramu 15 kwa kila lita, vipande vya nondo, waya, na chaja ya betri ya gari ya volti 12. Nondo husimamishwa kuzunguka ndoo, zikaunganishwa kwa waya na kufungwa upande wa chanya. Skrubu huning'inizwa katikati bila kugusa nondo, ikafungwa upande wa hasi. Pale inapobanwa na waya lazima pakwanguliwe mpaka chuma king'ae, maana kutu haipitishi umeme vizuri. Wengi wanaodai njia hii haifanyi kazi wameshindwa hapo tu.

Kutu ni chuma kilichonyang'anywa elektroni na oksijeni. Upande wa hasi unazirudisha elektroni hizo. Kutu nyekundu hugeuka kuwa unga mweusi usioshikamana, na viputo vya haidrojeni vinavyozaliwa juu ya chuma huusukuma nje. Chuma chenyewe, kwa kuwa kiko upande wa hasi, kinalindwa. Hata ukikisahau usiku kucha hakiliki. Zinazoliwa ni nondo. Ukikosea ukageuza waya, mambo yanageuka pia: skrubu ndiyo itakayoliwa. Mashimo yaliyokwisha kuchimbwa na kutu hayazibiki.

Kanuni hii imetumika hata kwenye Mariners' Museum ya Newport News, Virginia, kwa mnara wa mizinga wa meli ya kivita USS Monitor, iliyozama 1862. Mnara uliopolewa 2002. Makumbusho hayawezi kukubali kupoteza chuma ili kutoa kutu.

Umeme hufanya kazi zaidi upande unaotazamana na nondo, kwa hiyo nondo moja pembeni haitoshi. La sivyo geuza kifaa mara kwa mara. Kuongeza ampea hakuharakishi sana. Ampea 2 hadi 6 zinatosha, na saa kadhaa za subira. Chaja za kisasa zisipohisi betri hazitoi umeme, hivyo betri huunganishwa sambamba nazo.

Kuhusu magadi nina msimamo: tumia yaliyosafishwa. Magadi ghafi ya Ziwa Magadi huja na chumvi ya kawaida, na chumvi kwenye ndoo hii huweza kutoa klorini na kuacha mabaki yanayorudisha kutu. Stenlesi isiwekwe kamwe upande wa chanya, kwani huachia kromiamu yenye sumu majini. Alumini isitumbukizwe, maji ya magadi huiyeyusha. Springi na vyuma vilivyokomazwa kwa moto vikawa vigumu sana huweza kunyonya haidrojeni na kukatika baadaye. Kazi ifanyike nje, mbali na moto na sigara, na chaja izimwe kabla ya kugusa waya, kwa sababu cheche moja huweza kulipua haidrojeni.

Skrubu ikitoka, isugue kwa brashi, isuuze, ikaushe kwa joto na uipake mafuta papo hapo. Chuma kilichovuliwa kutu hushika kutu mpya ndani ya dakika chache tu.